Mashine Namba Moja ya Klabu ya Magunia

Kulikuwa na nchi, na bado ipo kwa mujibu wa taarifa ya habari. Katika nchi hiyo kulikuwa na mji uitwao Kisokoto, mjini kulikuwa na kiwanda cha magunia, na kiwanda kilikuwa na klabu ya mpira wa miguu iitwayo Magunia Sports. Siku hizi kiwanda kimefungwa kwa mnyororo na klabu haimo katika ligi yoyote. Naandika habari zake kwa sababu tunaozijua tunapungua, na kwa sababu serikali yetu, ambayo huandika kila kitu, jambo hili haikuliandika sawasawa. Mkono uliolikosea ulikuwa wangu.

Jezi za kwanza za Magunia zilishonwa kwa gunia halisi, lenye mstari wa kijani ubavuni. Mabeki wa timu nyingine hawakupenda kutukaba kwa sababu zilichubua. Tulipofunga goli hatukupiga kelele kama mashabiki wengine. Uwanja mzima ulisimama, watu elfu nne, tukafanya kwa mikono kama tunaoshona mdomo wa gunia, kimya kabisa. Timu moja kutoka pwani ilikataa kurudi kipindi cha pili, ikasema ule ni uchawi. Mwaka tuliotwaa kombe tulishona mpaka mabega yakauma.

Golikipa alikuwa Shomvi Chande, kaka wa mke wangu Tatu. Alikuwa mrefu kiasi kwamba milango ya nyumba za kiwanda ilimfundisha kuinama. Alikuwa mpole katika kila jambo isipokuwa moja: hakuvumilia kuona mpira unampita. Siku ya harusi yangu wenzake walimrushia chungwa akiwa amebeba sinia la pilau. Chungwa alilidaka. Pilau ilimwagikia kanzu ya baba yangu, na mpaka anafariki baba alikuwa akimwita mkwe wetu wa chungwa.

Kwenye karatasi Shomvi alikuwa mfunga marobota. Ndivyo zilivyofanya klabu zote za viwanda: winga aliandikwa msokotaji, beki aliandikwa mlinzi wa ghala, na kila mtu alijua, pamoja na waziri, aliyekuwa akikaa jukwaa kuu na mwavuli wake.

Kisha ukaja Waraka Namba Kumi na Nne wa Wizara ya Viwanda na Nidhamu. Waraka ulisema viwanda vyetu vina watu wengi na mashine chache, jambo ambalo linatuaibisha mbele ya mataifa. Kwa hiyo kila kiwanda kipunguze watu na kiongeze mashine. Asiyesokota, asiyefuma wala asiyeshona aondoke ndani ya siku thelathini.

Meneja wetu, Bwana Msangule, aliipenda timu kuliko kiwanda. Aliniita ofisini. Mimi nilikuwa karani wa stoo, nimemaliza kidato cha nne, na nilisifiwa kwa mwandiko.

"Karani," alisema, "wamekataza watu. Mashine wamezikataza?"

"Hapana, mzee. Mashine wamezihimiza."

"Basi chukua daftari la mitambo na kalamu nzuri."

Nilikaa siku nzima nikiandika. Namba moja: mashine ya kuzuia, aina ya kusimama, mikono miwili, urefu futi sita na inchi tatu, haitumii umeme. Beki wa kati niliandika kinu cha kusaga. Kiungo wetu niliandika mashine ya kusambaza. Mshambuliaji, ambaye msimu ule alikuwa hajafunga hata goli moja, nilimwandika mashine inayosubiri majaribio. Jioni niliwasomea, wakacheka mpaka wengine wakakaa chini.

"Shemeji," Shomvi aliniambia, "dada yangu amekuzalia watoto watatu, na wewe unanipa mikono miwili tu? Andika hata macho."

Nikaongeza macho.

Hivyo watu ishirini na wawili wakapunguzwa na mashine ishirini na mbili zikaongezwa, katika wiki moja. Wizara ilisema haijawahi kuona utii wa namna hiyo.

*

Mkaguzi alipokuja, wachezaji walisimama katika ukumbi wa kufuma, katikati ya mashine nyingine, kila mmoja akiwa na kibati cha namba shingoni. Mkaguzi alipita na kalamu, akagonga kila kibati, akaweka alama ya vema. Alipofika kwa Shomvi, Shomvi alipiga chafya. Mkaguzi alirudi nyuma hatua mbili, akaandika: inahitaji kupanguswa vumbi.

Mwaka ule kiwanda kilipata nishani ya kuokoa umeme. Waziri mwenyewe alikuja kuikabidhi. "Wapo wanaosema mashine bila umeme haiwezekani," alisema kwenye kipaza sauti. "Nawaalika Kisokoto waje kuona aibu yao. Mashine hizi zinakula kidogo, hazigomi, na nimeambiwa zinaongoza ligi." Tulipiga makofi. Hatukuona hatari yoyote. Mtu akikuchekea na wewe unamchekea, nani atauliza kinachochekwa ni nini?

Taratibu kanuni za mitambo zikaanza kutufuata. Mashine hailali nyumbani kwa mtu, kwa hiyo wachezaji walihamishiwa magodoro katika ukumbi wa kufuma, kwenye vumbi la katani ambalo hata mchana lilikuwa linaning'inia hewani kama ukungu. Mashine haitoki getini bila hati ya kusafirisha mitambo, kwa hiyo kila mechi ya ugenini nilijaza hati, na timu ilisafiri nyuma ya lori imefungwa kamba, kama kanuni ilivyotaka. Dereva alikuwa mtu mwema. Alizilegeza kamba wakishavuka daraja.

Wake zao walilalamika. Meneja aliwaambia wavumilie, kwa kuwa msimu ujao angeandika barua ya kurekebisha. Msimu uliofuata tulishika nafasi ya pili, na nani angetaka kugusa daftari la timu iliyo nafasi ya pili?

*

Siku moja redio ilitangaza kwamba kiwanda chetu kimepumzishwa. Hakikufilisika wala hakikufungwa. Kilikuwa kimechoka kwa kulitumikia taifa, na sasa kingepumzika mpaka apatikane mwekezaji. Ikaja Tume ya Kupumzisha Viwanda, ikiongozwa na Dakta Lufingo Pembe, ambaye hakuna aliyemwuliza alikuwa dakta wa nini.

Watu elfu moja na mia mbili walitoka getini asubuhi moja, nami nikiwa mmoja wao. Mashine zilibaki. Tume ilipita ukumbini ikafunga kila mashine waya wenye lakiri, muhuri wa madini ya risasi. Wachezaji walifungwa kwenye kifundo cha mkono.

Walisema, bila shaka walisema. Nahodha alimweleza Dakta Pembe kwa heshima kwamba wao ni watu, wana majina, wana wake. Dakta alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akawageukia wajumbe wake akasema amesoma kwamba nchi zilizoendelea zinazo mashine zinazozungumza, na ni faraja kubwa kuona kwamba na sisi tumefika. Akaagiza walinzi waongezwe.

Meneja Msangule alipandishwa cheo, akawa balozi katika nchi yenye baridi. Alituletea kadi yenye picha ya theluji.

Mawinga wetu wawili waliruka uzio. Magazeti yaliandika kuhusu wizi wa mali ya umma, na mama zao wakawekwa ndani kwa kosa la kupokea vitu vya wizi. Siku ya tatu mawinga walirudi wenyewe, wakagonga geti. Baada ya hapo hakuruka mtu.

Tume haikutoa hati za kusafirisha mitambo, hivyo timu ikakosa mechi tatu za ugenini. Chama cha mpira kilifuata sheria zake. Magunia Sports, klabu ya miaka ishirini na sita, ilifutwa Jumanne moja kwa tangazo la mistari miwili, kati ya tangazo la mbuzi aliyepotea na ratiba ya ndondi.

Baadaye viwanda vingine vilianza kuomba mitambo. Wachezaji waligawiwa hati kwa hati, kama vyerehani. Mashine ya kusambaza ilikwenda kiwanda cha sabuni. Kinu cha kusaga kilikwenda kwenye machimbo ya chokaa. Hata ile iliyosubiri majaribio ilipata mahali. Kufikia mwaka wa tatu alikuwa amebaki Shomvi peke yake, kwa sababu hakuna kiwanda kilichohitaji kitu cha kuzuia.

*

Tatu alimpelekea kaka yake chakula kila siku. Mwanzoni askari wa getini alikataa, akisema mashine haili. Nilimwandikia hati ya malighafi kwenye fomu nilizotoka nazo stoo, akapokea ugali na mlenda, akatia sahihi. Walikuwa wakizungumza kupitia matundu ya uzio, Shomvi amechuchumaa upande wake na dada mtu upande wake, na alikuwa bado akimtania kwamba mapishi yake yangemwua kabla ya mwekezaji hajafika.

Kisha kikohozi kikaanza. Vumbi la katani tulilijua, wazee wetu wengi lilikuwa limewaondoa, lakini wao walikuwa wakirudi nyumbani jioni. Yeye alikuwa amelilalia kwa miaka. Mganga wa zahanati alikuja usiku mmoja na mchana mmoja, akamsikiliza kifua kupitia uzio, akatuita pembeni. Alisema mapafu yanaziba. Hospitali ya mkoa wanayo mashine ya kupumulia na dawa, na akifika ndani ya mwezi huu ataishi. Asipofika, hataishi. Hospitali ya mkoa iko kilomita tisa kutoka getini.

Tatu alifungasha begi la kaka yake usiku uleule: shuka, sabuni, kanzu, kikombe. Mimi nikaenda Makao Makuu ya Wizara.

Katibu wa Masjala ya Mitambo alinipokea vizuri, akanipa kiti. Alifungua daftari ukurasa wenyewe, akausoma kwa muda.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wangu, mzee."

"Umetulia sana," alisema. "Makosa hayaandikwi hivi. Makosa huwa na haraka."

Nilimwambia ni kosa, ni mimi niliyelifanya, yule ni shemeji yangu, amezaliwa na mama mmoja na mke wangu, anaumwa. Aliniuliza kwa upole kama ninayo stakabadhi yoyote inayoonyesha kwamba serikali iliwahi kumpokea kama mtu. Nikatoa cheti cha kuzaliwa. Akasema cheti kinathibitisha kwamba mtu alizaliwa, hakithibitishi kwamba hakuondoka baadaye ikaja mashine. Ili mstari ufutwe ilihitajika barua ya mhandisi wa mitambo akithibitisha kwamba kilichopo si mashine. Na mhandisi wa mitambo, kisheria, haruhusiwi kukagua kitu ambacho si mashine.

Nilikikunja cheti nikakirudisha mfukoni. Nadhani alinihurumia, maana aliinuka akafunga mlango.

"Ipo njia ya chakavu," alisema. "Mashine chakavu inatoka siku hiyohiyo, hata kwa mkokoteni, wala hakuna anayeuliza inakokwenda. Tume inaijaribu mara tatu. Ikishindwa zote tatu, imekwisha. Ikiweza hata moja, ni nzima. Yako ni ya kazi gani?"

"Ya kuzuia."

"Kuzuia nini?"

"Mipira."

Akanitazama. "Basi isizuie mipira mitatu," alisema. "Jioni hiyo iko hospitali. Samahani, iko jalalani."

Shomvi aliposikia alicheka, kicheko kikamalizikia kwenye kikohozi. "Niandike chakavu, shemeji," alisema. "Magazeti yalishaniandika vibaya zaidi."

Tatu hakucheka. Aliingiza vidole kwenye tundu la uzio akamshika mkono. "Mitatu tu, kaka. Waache wapite."

"Nimesikia, Tatu," alisema. Hakusema ndiyo.

*

Tume ilikuja Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, na magari matatu. Habari ilikuwa imeenea, na wafanyakazi wa zamani walikuwa wamejaa nje ya uzio, wazee kwa akina mama, wakitazama kupitia mlango mkubwa wa ukumbi uliofunguliwa. Mimi niliruhusiwa kuingia kwa sababu ndimi niliyejaza fomu. Tatu alibaki nje na begi. Kijana wa mkokoteni alikuwa ameshageuza mkokoteni kuelekea barabarani.

Shomvi aliwekwa kwenye kiti katikati ya mitambo miwili ya kufuma. Alikuwa hajasimama bila kushikwa tangu mfungo wa Ramadhani. Katibu wa Tume alisoma kanuni: mashine ya daraja maalumu hujaribiwa na Mwenyekiti mwenyewe. Dakta Pembe alivua koti, akampa mjumbe alishike. Alikuwa na viatu vyenye ncha.

Mpira wa kwanza ulikwenda mbali kabisa na kiti, ukagonga ukuta, ukaangusha kalenda ya miaka mitatu iliyopita. Wajumbe walishauriana. Ilikubaliwa kwamba mashine haikuzuia.

Wa pili aliupiga chini, taratibu, kama mtu anayesukuma sahani. Ulipita hatua moja kutoka mguu wa kulia wa Shomvi. Niliviona vidole vyake vikikamata ukingo wa kiti mpaka kucha zikawa nyeupe. Mpira ukapita.

Dakta Pembe aliinua mikono yote miwili. Alikimbia mzunguko mdogo, akamkumbatia katibu wake. Kisha akamwendea Shomvi, akainama mpaka uso kwa uso.

"Kumbe Magunia nao hufungwa," alisema.

Nilitazama nje. Tatu alikuwa ameshalitia begi kichwani.

Kwa mpira wa tatu Mwenyekiti alirudi nyuma hatua nane. Lazima niseme kweli: aliupiga vizuri. Katika yote niliyoiona Tume ile ikifanya, hilo ndilo pekee lililofanywa vizuri. Mpira ulipaa kuelekea pembe ya juu, mkono wa kushoto, pale ambapo golikipa yeyote husema nisameheni.

Shomvi alitoka kwenye kiti. Sijui alitoka kwa nguvu gani. Nilimwona hewani amenyooka, futi sita na inchi tatu, kisha nikasikia ule mlio wa viganja viwili kwenye ngozi ya mpira. Alianguka kwenye vumbi, akajikunja juu yake kama alivyokuwa akifanya siku zote, ili asije mtu akamnyang'anya.

Wazee nje ya uzio wakapiga makofi. Walijua maana yake, hakuna hata mmoja asiyejua, na bado walipiga makofi. Hata mimi, Mungu anisamehe, viganja vyangu viligongana mara mbili kabla sijavishika. Tatu peke yake hakupiga. Alilishusha begi, akaliweka chini, akalikalia.

Dakta Pembe alivaa koti lake na kuandika: Nzima kabisa. Ilindwe.

Nilipiga magoti pale vumbini. Mpira ulikuwa bado kifuani mwake.

"Kwa nini, shemeji?"

Alichukua muda kuipata pumzi.

"Ulikuwa unaingia," alisema.

*

Alifariki siku ya kumi na moja, baada ya sala ya alasiri. Kwa kuwa lakiri haikuruhusu atoke, tulimzika ndani ya uzio, nyuma ya ukumbi wa kufuma. Shehe na wachimba kaburi waliingia kwa vibali vya mafundi wa muda. Waya wa mkononi tuliukata wakati wa kumwosha, na askari akageuka akatazama upande mwingine.

Wizara ilipata taarifa kwamba Mashine Namba Moja imesimama, ikatuma mafundi wawili na sanduku la spana. Walifika siku ya hitima, tuliyoisoma palepale kaburini. Walipoona mkeka na watu, walivua kofia, wakakaa, wakala pamoja nasi. Baadaye yule mkubwa alitoa fomu mfukoni akiwa ameona haya. Fomu ilikuwa na visanduku vitatu: imetengenezwa, imeibwa, inasubiri kipuri. Alitueleza kwamba akiiacha tupu, familia itashtakiwa kwa kuharibu mtambo. Alilitazama kaburi, kisha akaweka alama kwenye kisanduku cha tatu. Aliniomba radhi. Nilimwambia amefanya alivyoweza.

Tangu hapo, kila mwezi wa saba, mke wangu huletewa barua ikimtaka aeleze ni kipuri gani kinachosubiriwa. Kwa miaka minne tulizitia kabatini. Mwaka huu Tatu aliijibu mwenyewe, kwa herufi kubwa: MAPAFU MAWILI.

Jibu limekuja wiki iliyopita. Wanasema ombi limepokelewa, kipuri kimeagizwa nchi za nje, na mashine isihamishwe mpaka kitakapofika.